Nyumba ya Kichuguu

Siku Bwana Futi alipoingia nyumbani kwa Romani, pale Temeke, mtoto wa Jovina alikuwa na siku kumi na mbili, na matundu yote ya nyumba yalikuwa yamezibwa kwa makumbi ya nazi. Angekuja wiki mbili kabla, angekuta nyumba inapumua. Lakini wakubwa hawaulizi mtaani nani kajifungua lini. Wanapanga siku zao mezani, wanakuja.

Bwana Futi halikuwa jina lake. Alikuwa Mzungu wa afya, kijana bado, shingo nyekundu, na futi ya utepe haikumtoka mkononi. Alipima milango, alipima vyoo, alipima makuti yameshuka mpaka wapi, hata mafundi wa Keko wakasema siku moja atampima mtu kwa makosa na kumwandikia abomolewe. Siku hiyo alikuja na karani wake, mtu wa Bukoba aitwaye Revelian, suruali nyeupe imepigwa pasi ikasimama, kitabu kwapani. Na hapo ndipo penye kisa, maana Revelian alikuwa mpangaji wa nyumba hiyohiyo. Asubuhi ile alikunywa uji mlemle. Jovina aliyejifungua alikuwa mkewe wa ndoa ya kanisani, na mtoto alikuwa wake wa kwanza.

Mauwa, mke wa Romani, alikuwa uwani akichochea moto chini ya maji ya kumkandia mzazi. Alipoinua kichwa akamwona Revelian amesimama mbele yake kama mtu aliyeteremka melini jana.

"Shikamoo mama," akasema karani. "Bwana anataka kukagua nyumba. Wewe ndiye mwenyewe?"

Mauwa kidogo acheke. Alikuwa mwanamke wa Kilwa, kalelewa kwenye nyumba za watu wengi, na alijua mtu ana uso wa nyumbani na uso wa kazini. Akadhani ni mambo ya kazi tu, akaamua kumstahi kijana wa watu.

"Marahaba, bwana karani. Ndiye mie. Piteni."

Heshima ile aliijutia baadaye mpaka ikamkera usingizini.

Ndani kulikuwa kiza na joto la kupika mtu. Mwezi wa pili, kaskazi imelala, matundu yamezibwa, na moshi wa udi na magome yaliyochomwa kwa ajili ya mzazi ulikuwa umejaa ukumbini hauna pa kwenda. Bwana Futi akakohoa, akatoa leso, akaifunika pua. Akahesabu milango ya vyumba, akatafuta madirisha, hakuona hata moja. Akapiga ukuta kwa fundo za vidole. Akachutama, akachomoa kumbi moja ukutani, akaliangalia kama mtu aliyeshika panya mkiani, akalitupa. Halafu akaona kanga iliyotandazwa mlangoni mwa chumba cha mwisho, akamuuliza karani wake jambo kwa Kizungu. Karani akajibu maneno machache, bila kutazama ile kanga. Bwana Futi akaandika. Wakatoka.

Mauwa alipoingia na karai la maji ya moto alimkuta Jovina ameketi kitandani, mtoto ziwani, macho makavu.

"Mama, umesikia alivyojibu?"

"Kizungu chenu hicho, mwanangu, mie nitasikia nini?"

Jovina alisomeshwa na masista, Kizungu alikijua kuliko mumewe alivyopenda watu wajue. "Bwana ameuliza nani yumo humu. Amejibu kuna mwanamke fulani, mpangaji, mgonjwa. Kwamba hamjui."

Mauwa akaliweka karai chini taratibu, akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

*

Nyumba yenyewe watu waliiita Kichuguu, na Romani hakukasirika, maana ndiko alikoitoa. Alikuwa fundi, mtu wa Masasi, mpole, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Huko kwao alichunga mbuzi kati ya vichuguu vinavyomzidi mtu kimo, na utotoni aligundua jambo ambalo wenzake waliliona mchezo: ukiweka kiganja juu ya tundu la kileleni mchana, unapulizwa na hewa ya moto, ukikiweka kwenye tundu la chini, kiganja kinavutwa na baridi inaingia. Alilibeba jambo hilo kichwani miaka thelathini. Alipopata kiwanja Temeke, akabomoa vichuguu viwili vya njia ya Pugu, akauponda ule udongo na kuufinyanga upya kwenye boriti na fito, ukakauka mgumu kama chungu.

Chini ya kuta, usawa wa vifundo vya miguu, alipachika mitungi iliyotobolewa vitako, ielekee kwenye kivuli cha kisamvu kilichopandwa kuzunguka nyumba. Katikati ya ukumbi akasimamisha shingo, bomba nene la fito na udongo lililopanda likatoboa makuti na kujitokeza nje futi sita, na juu yake kofia ndogo. Jua likiichoma shingo, joto lote la ndani linapanda na kutoka, na ubaridi wa kwenye kisamvu unavutwa kuingia. Saa nane za mchana, nyumba za bati za jirani zikilia kwa joto, wanawake wa mtaa mzima walihamia ukumbini kwa Mauwa na ukili wao na maneno yao. Harusi ngapi zilivunjwa na kuungwa mle, Mungu ndiye ajuaye.

Romani aliulizwa sana kwa nini hakuweka madirisha. Jibu lake lilikuwa moja: "Mchwa hafiki hata ukucha. Ana watoto maelfu, hana dirisha, hafi kwa joto. Tena huziba na kuzibua kwa majira yake. Mie ni nani nisimwige?"

Na kuziba ndiko kulikotokea. Mzazi wa pwani hukaa ndani siku arobaini, hapigwi na upepo, wala mtoto. Jovina hakuwa na mama karibu. Mamake alikuwa Bukoba, safari ya siku nyingi. Mauwa akasimama badala yake kwa kila kitu: kumkanda, kumfunga tumbo, kumkorogea uji wa pilipili manga. Siku ya kuzaliwa mtoto Romani akazunguka nyumba na gunia la makumbi, akaziba tundu baada ya tundu, na kofia ya shingo akaifunga kwa gunia. Wapangaji wote wakakubali kupikwa siku arobaini kwa ajili ya kichanga kimoja. Revelian mwenyewe ndiye aliyemshikia Romani ngazi.

Siku iliyofuata ukaguzi tarishi alileta karatasi. Nassibu, seremala wa Keko aliyepanga chumba cha mbele, akaisoma barazani, na alipoimaliza hakutia mzaha wowote, jambo ambalo si kawaida yake. Nyumba haina hewa. Haina madirisha. Kuta zina matundu ya kufugia panya, na ndani amekutwa mgonjwa. Kila chumba kitobolewe dirisha la futi mbili kwa tatu, makuti yaondolewe liwekwe bati, katika siku kumi na nne, la sivyo ibomolewe.

"Nyumba yangu haina hewa," Romani akasema, kama anayejaribu kuonja maneno.

"Mwenye kulimaliza hili tunaye," Mauwa akasema. "Anarudi saa kumi na nusu."

*

Revelian alirudi, akapewa maji ya kunawa, akawekewa wali wake kama siku zote. Mauwa alisubiri ashibe, maana kwake si desturi kumsema mtu mwenye njaa. Kisha akamweleza. Jambo lenyewe lilikuwa jepesi: amwambie bwana wake kwamba nyumba imezibwa kwa sababu ya mzazi, na mzazi ni mkewe. Arudi siku ya arobaini na moja, aone.

Revelian akaichukua kofia yake, akaigeuzageuza. "Mama, nimechaguliwa. Mwezi wa nne napelekwa kusomea kazi ya Bwana Afya. Ofisini kwetu hajawahi kupelekwa Mwafrika. Waliniuliza nakaa wapi, nikaandika kwa binamu yangu Ilala, nyumba ya saruji na bati. Leo nikisema nakaa humu, na mke wangu yumo ndani ya moshi, watasema huyu atamfundisha nani usafi?"

"Ndani ya moshi huo ndimo analelewa mwanao."

"Najua, mama."

"Na mie sikukuumbua pale mbele ya bwana wako. Nilikuitikia kama mgeni."

"Najua. Nitasema. Nipe siku mbili nimpate akiwa na nafasi."

Siku mbili zikawa nne, nne zikawa saba. Kila jioni alikuja na sababu mpya, na kila sababu alikuja nayo hali amechelewa zaidi, mpaka Mwamvita, jirani muuza vitumbua aliyezoea kulala ukumbini mle mchana, akamuuliza mbele za watu kama huyo Mzungu wake anaumwa mafua ya masikio. Watu wakacheka. Revelian hakucheka. Chumbani Jovina hakumgombeza. Alimpa mtoto ambebe, akageukia ukutani.

Romani alijaribu kutii. Nassibu akaleta fremu ya dirisha kutoka Keko, wakatoboa chumba cha Nassibu mwenyewe, upande wa barabarani kama karatasi ilivyotaka, ambako ni magharibi. Alasiri jua likaingia mzimamzima likaketi kitandani. Chumba kikawa tanuri. Na udongo ule wa kichuguu, uliofinyangwa kama kitu kimoja, haukupenda kukatwa: ufa ukaanzia pembeni mwa fremu, ukapanda mpaka kwenye boriti. Romani aliutazama muda mrefu, akaupitishia kidole, akasema basi. Hatoboi tena. Wakitaka kubomoa, wabomoe wenyewe. Yeye hatawasaidia kwa nyundo yake.

Ndipo Mauwa akajitanda kanga mpya, akaenda mjini kwa miguu.

Alifika ofisini saa mbili asubuhi. Benchi lilikuwapo, lakini tarishi alimwambia la watu wenye barua. Akasimama. Saa nne akaomba maji, akaonyeshwa bomba la kuoshea magari. Saa sita ndipo alipoitwa, na alipoingia, mkalimani aliyesimama pembeni ya meza alikuwa Revelian.

Chumba kile kilikuwa na madirisha makubwa manne, yote yamefungwa, mapazia yameshushwa, jua lisiingie. Juu kulikuwa na bati. Bwana Futi alikuwa amelowa mgongo mzima. Mauwa aliyaona yote hayo kwa jicho moja, kwa maana ni mtu wa kuona nyumba za watu, akaanza kueleza. Alieleza kichuguu, mitungi, shingo, kisamvu. Akaeleza arobaini, kwamba nyumba imezibwa kama mtu anavyojifunika shuka akiwa na homa, na homa ikiisha atajifunua. Alizungumza mpaka koo likamkauka, na kila alipofika kwenye mzazi alimtazama Revelian usoni.

Revelian akatafsiri. Maneno yale yote yakawa pumzi moja.

Bwana Futi akajibu, naye Revelian akamgeukia Mauwa. "Anauliza, madirisha yatakuwa tayari lini?"

"Umemwambia kuna mzazi?"

"Nimemwambia kuna mwanamke ndani."

"Mwanamke wa nani, Revelian?"

Tone la jasho lilimtoka chini ya sikio likaingia kwenye kola.

Mauwa akanyoosha mkono kuelekea mapazia. "Basi mwulize hili tu. Yeye ana madirisha manne na kayaziba yote kwa joto. Mbona hajajiandikia karatasi?"

Hilo halikutafsiriwa kabisa. Bwana Futi akamwonyesha Mauwa fomu, kwa upole, kama anavyoonyeshwa mtoto. Palikuwa na mstari wa kuandika madirisha mangapi. Mstari wa kuandika hewa inaingiaje haukuwapo. Mlangoni tarishi alimwambia apitie nyuma, mbele kunapita wageni.

*

Siku ya ishirini na saba ya mtoto, asubuhi, lori likasimama mbele ya nyumba. Wakashuka vibarua sita na sululu zao, Bwana Futi na futi yake, na Revelian na kitabu. Mtaa ulikwishajaa. Romani alikaa barazani, mikono magotini, hakusimama.

Bwana Futi akasoma karatasi, Revelian akaitafsiri kwa sauti isiyofika nyuma. Watoe vyombo, watoe watu. Na yule mwanamke mgonjwa apelekwe hospitali.

Kanga ya chumba cha mwisho ikafunuliwa, Jovina akatoka. Kajifunga tumbo, kajifunika kichwa, mtoto kifuani chini ya kanga mbili. Wanawake wakashika vinywa. Siku kumi na tatu zilikuwa bado. Akapita ukumbi wote kwa miguu ya mtu aliyesahau kutembea, akasimama mbele ya Mzungu, akazungumza naye kwa Kizungu cha masista, bila haraka. Halafu akageuka, akayasema yaleyale kwa Kiswahili, ili mtaa usikie na pasiwe na wa kutafsiri.

"Nimemwambia mimi siumwi. Nimejifungua. Nyumba imezibwa kwa ajili yangu. Na mume wangu ni huyu aliyeshika kitabu."

Bwana Futi alimtazama karani wake, akamuuliza neno moja, na hata Mwamvita aliyekuwa hajui hata herufi ya Kizungu alilielewa, kwa kuwa lilikuwa Ilala. Revelian akatikisa kichwa hivi na hivi, ikawa si ndiyo wala hapana.

Mauwa akamrudisha Jovina chumbani, akamfunika kila nguo iliyokuwapo nyumbani, kisha akatoka akamwambia mumewe, "Mume wangu, zibua."

Romani akasimama. Akapanda ngazi akalifungua gunia la shingo, akashuka akazunguka nyumba, akachomoa kumbi moja moja, asiache hata tundu moja ila la chumba cha mzazi. Moshi uliokuwa umelala ukumbini siku ishirini na saba ukainuka, ukajipinda, ukapanda shingoni. Kutoka nje watu wakauona ukitoka kileleni. Kisha chini ikaanza kuingia ile hewa ya kisamvu, taratibu, mpaka kanga za mlangoni zikacheza.

Bwana Futi alikuwa amesimama katikati ya ukumbi. Akavua kofia. Akajifuta shingo, akaendelea kusimama pale, muda uliozidi haja ya kazi yoyote. Akapeleka kiganja kwenye mdomo wa mtungi, akakiacha hapo. Akapima shingo kwa futi, upana na urefu, akamwuliza Romani udongo ni wa wapi na mitungi ni mingapi, na Romani, maskini, uso umemchangamka, akamweleza kila kitu, hata pembe ya kulazia mtungi. Yote yale Mzungu aliyaandika na kuyachora. Lakini si kwenye kitabu cha ofisi. Yaliingia kwenye kijitabu kidogo kilichotoka mfukoni mwake, kikarudi mfukoni.

Halafu akavaa kofia, akamwambia Revelian maneno yake.

"Anasema," Revelian akaanza. "Anasema ni nyumba ya ajabu sana. Hajaona mfano wake. Lakini amri ilikwisha kutiwa saini, na haina madirisha."

"Kaandika nini kule kwenye kijitabu?" Nassibu akauliza.

"Ni mambo yake mwenyewe."

Bwana Futi alikwisha kugeukia lori. Akamwachia Revelian kazi: asimamie, mpaka mwisho, na atie alama kila chumba kinapoanguka.

Ilichukua siku nzima. Udongo ule ulizigonga sululu zikaruka, vibarua wakawa wanapokezana huku wanamwomba Romani radhi, naye anawaambia haidhuru, mpige pale, pale ndipo pembamba. Mauwa alimsikia akiwaelekeza na akatamani kumpiga kwa uchungu. Shingo ilikuwa ya mwisho kuanguka. Revelian alitia alama vyumba sita, na cha sita kilikuwa chake.

*

Watu walijitolea. Mwamvita aliwapa Jovina na mtoto chumba, lakini cha bati, na mchana mmoja ulitosha: mtoto akatoka vipele mwili mzima, akakataa ziwa. Mauwa akasema basi, arobaini itamalizikia ilipoanzia. Wakaokota makuti mazima kwenye kifusi, wakasimamisha boriti nne kwenye kiwanja palepale, wakazungushia kanga, na mtaa mzima ukaleta kanga: mpya, kuukuu, za harusi, za msiba. Jovina akaketi ndani, nje kukiwa barabara.

Siku ya tatu, asubuhi, Revelian akaja. Alikuwa analala Ilala sasa, kweli. Suruali ilikuwa imepigwa pasi. Akasimama mbele ya kanga, akasema hodi.

"Hodi ya mlango upi?" Mauwa akamuuliza. Alikuwa akikuna nazi, hakuinua kichwa.

Akaeleza amekuja kumchukua mkewe, binamu yake ametoa chumba, cha saruji. Kule ndani Jovina akajibu kwamba siku kumi bado. Revelian akataka kuendelea, lakini upepo ukaja wa ghafla kutoka upande wa Kigamboni, ukaing'oa kamba, na kanga ya upande wa barabara ikaanza kupepea.

"Shika hapo," Mauwa akasema. "Upepo usimfikie mtoto."

Akashika. Alishika kwa mikono miwili, ameinua juu, na upepo ukamsukumia kanga usoni naye akasimama imara. Kwa muda kidogo Mauwa alimwona tena yule kijana aliyeshika ngazi. Alikwisha kunyanyuka aende kutafuta kamba nyingine, na moyoni ameanza kumpunguzia hasira.

Gari la ofisi likatokea upande wa Keko, taratibu kwa ajili ya mashimo. Bwana Futi alikuwa mbele, pembeni ya dereva, anaangalia nyumba za upande ule na huu.

Revelian aliachia kanga, akavua kofia.

Ikaruka yote, mpaka juu ya makuti. Jovina akaonekana na barabara nzima, kifua wazi, mtoto anafumba macho kwa vumbi. Hakujificha. Alimkinga mtoto kwa kiwiko, akamtazama mumewe aliyesimama wima na kofia yake kifuani, mpaka gari likapita.

Mauwa akaivuta kanga chini, akaifunga mwenyewe, fundo mbili, kwa kamba ya usumba.

"Nenda, bwana karani," akamwambia. "Utachelewa kazini."